Kupanga nyumba ya familia Sinza, Kijitonyama na Mwenge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa baba, mama au mlezi anayetafuta vyumba viwili au vitatu vya kuishi na watoto katika upande huu wa Dar es Salaam. Anayetafuta chumba na sebule naye ataokota la kumfaa, ila hesabu zake ni nyingine.

Kwa nini familia nyingi zinang'ang'ania huku wakati Goba au Kibamba nyumba ya namna hiyo hiyo ni nafuu?

Kwa sababu ya njia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja miaka ya 1970, kwenye mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ndiyo maana hadi leo mitaa yake mingi imenyooka, na gari la taka au la kubeba vyombo linafika hadi getini. Vuka kidogo tu upande wa Tandale utaona tofauti. Kutoka Sinza unapita barabara ya Shekilango, unatokea Morogoro Road, unapanda mwendokasi. Ukigeukia upande wa pili kuna Bamaga, Mwenge na barabara ya Bagamoyo. Stendi ya Simu 2000 iko hapo hapo na ya Makumbusho haiko mbali. Hospitali ya Palestina iko ndani ya Sinza, na Mlimani City ni bajaji moja.

Lakini jina la mtaa lisikuponze. Mzazi anayefanya kazi Kibaha halafu akapanga Sinza anajinunulia foleni mara mbili kwa siku. Ukilazimika kuchagua kati ya kukaa karibu na kazi na kukaa karibu na shule, kaa karibu na shule. Mtu mzima huvumilia kusimama kwenye daladala. Mtoto wa darasa la pili anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri anaenda kusinzia darasani.

Tangazo linasema "vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha pablik". Familia ya watu sita itaenea?

Inategemea ukubwa wa hivyo vyumba, na tangazo halisemi ukubwa hata siku moja. Nenda na futi kamba. Chumba kinachopokea kitanda cha tano kwa sita na kubakiza upenyo wa kupita kwa ubavu, bila pa kuweka kabati, si chumba cha watoto watatu. Pima ukuta utakaowekwa dabo deka na uangalie kama feni ya darini haitamkata atakayelala juu. Hili la feni watu hulikumbuka wakiwa wameshalipa.

Hesabu pia watu ambao hawapo leo. Dada wa kazi atalala wapi? Bibi akija kutoka mkoani kwa kliniki ya Muhimbili na akakaa miezi miwili, atapata chumba au atalala sebuleni na taa zimewashwa mpaka saa sita usiku? Kwa familia yenye watoto wa kike na wa kiume waliokwisha kukua, vyumba viwili havitoshi hata vikiwa vikubwa. Hapo ni afadhali vitatu vidogo kwenye nyumba ya zamani isiyo na jipsamu.

Na vyoo: kimoja cha masta na kimoja cha pablik ndicho kiwango cha chini kwa watu sita. Asubuhi ya siku ya shule utanielewa.

Bei zikoje?

Zinatofautiana mno kati ya mtaa na mtaa, hata kati ya geti na geti. Nyumba za familia zinazotangazwa Sinza na Kijitonyama nyingi huanzia laki tano au sita kwa mwezi, na zile mpya zenye AC, kabati za jikoni, jenereta na mlinzi huvuka milioni bila wasiwasi. Nyumba iliyo hatua chache kutoka lami huwa juu kuliko iliyo ndani, na kwa familia yenye watoto wadogo ile ya ndani mara nyingi ndiyo bora: vumbi kidogo, magari machache, usingizi zaidi.

Bei ya kwanza unayotajiwa haijawahi kuwa ya mwisho. Lakini punguzo usimwombe dalali, maana kamisheni yake inapanda na kodi. Mwombe mwenye nyumba, na umpe sababu yenye maana kwake: utakaa muda mrefu, utalipa siku ya kulipa, utapaka rangi mwenyewe.

Siku ya kwanza niwe na shilingi ngapi mkononi?

Swali hili ndilo linalovunja mipango ya watu wengi, kwa sababu wanapiga hesabu ya mwezi mmoja. Desturi ya Dar es Salaam ni kulipa miezi sita mbele. Wapo wanaokubali mitatu, na wapo wanaotaka mwaka mzima. Tuseme kodi ni laki sita. Miezi sita ni milioni tatu na laki sita. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, laki sita nyingine. Kwenye apatimenti nyingi kuna dhamana ya mwezi mmoja pia, laki sita. Jumla 4,800,000, yaani kodi ya miezi minane kabla hujalala usiku wa kwanza. Usafiri wa vyombo, mapazia, vitasa vipya na LUKU ya kuanzia bado havijaguswa.

Unaweza kuomba kulipa mitatu mitatu. Wenye nyumba wanaoishi kwa kodi hiyo huwa wagumu, hasa wanaodaiwa mkopo wa ujenzi. Wenye mshahara au biashara nyingine huwa laini zaidi. Ukikubaliwa kwa kuongezewa kidogo kwenye kodi ya mwezi, piga hesabu kabla ya kukataa: nyongeza ya elfu thelathini kwa mwezi mara nyingi ni nafuu kuliko kukopa milioni mbili kwa riba ili ulipe yote kwa pamoja.

Dhamana iandikwe kwenye mkataba kwa jina hilo, na iandikwe inarudi lini na inakatwa kwa sababu zipi. Dhamana isiyoandikwa hairudi.

Dalali anataka hela ya kuonyesha nyumba. Nimpe?

Imeshakuwa kawaida, hata kama inaudhi. Kubaliana kabla ya kutoka nyumbani kwamba hela hiyo ni ya kuonyeshwa nyumba zote za siku hiyo, si kila nyumba kivyake. Mtajie mambo matatu ambayo hutayalegeza, kwa mfano LUKU ya peke yako, maji ya DAWASA na gari kuingia ndani, na umwambie mapema kwamba nyumba isiyo nayo usipelekwe. Dalali mzuri atakushukuru. Mbovu atakupeleka hivyo hivyo na kukwambia "hii utaipenda tu, bosi".

Mwezi mmoja wa kamisheni mpe baada ya kusaini mkataba na kushika funguo, siyo kabla. Na kabla ya kumtafuta dalali, tembea. Jumamosi asubuhi pita mitaa unayoitaka, uliza dukani, saluni, kwa fundi cherehani. Mangi wa duka la kona anajua nani anahama mwezi ujao kuliko dalali yeyote.

Nitajuaje kwamba anayenipangisha ndiye mwenye nyumba?

Hapa usione haya. Omba kuona hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, na kitambulisho cha NIDA cha huyo mtu, kisha linganisha majina. Mwenye nyumba wa kweli anaweza kukereka kidogo, lakini ataonyesha. Baada ya hapo nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umuulize mwenyekiti au mjumbe wa eneo: nyumba hii ni ya nani, na ina ugomvi wowote? Swali la pili ndilo muhimu zaidi.

Ugomvi wa kawaida kuliko wote ni wa mirathi. Mzee amefariki, nyumba imebaki, watoto watano. Mmoja anayeishi uani anapangisha na kula kodi peke yake. Miezi mitatu baadaye kaka mkubwa anatokea Mwanza na kukwambia hakutambui. Nyumba ya marehemu inapangishwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya usimamizi, jina lililo humo ndilo litakalosaini mkataba, na hela iende kwenye akaunti ya jina hilo. Kama usimamizi haujafunguliwa, iache nyumba hiyo hata iwe nzuri vipi.

Utapeli mwingine ni wa mpangaji anayehama: anajifanya mwenye nyumba, anapokea kodi ya miezi sita kutoka kwa familia mbili tatu kwa siku moja, kisha anazima simu. Dalili yake ni haraka. "Kuna mtu anakuja na hela jioni." Mwache huyo mtu aje na hela jioni.

Fedha zipite benki au kwenye simu, kwa jina lile lile la mkataba. Ukilazimika kutoa taslimu, iwe mbele ya mjumbe na risiti isainiwe hapo hapo.

Maji: niangalie nini?

Funga macho kwa tailizi, fungua bomba.

Dar es Salaam inategemea zaidi maji ya Mto Ruvu, na mto ukipungua jiji linaingia kwenye mgao, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo swali la kama nyumba ina maji ya DAWASA halitoshi. Uliza yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika mnatumia nini. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize mpangaji wa jirani anayefua.

Kisha angalia tenki. Chukua mfano wa jengo la familia nne, kila moja watu sita, kila mtu lita sitini kwa siku za kuoga, kupika, kufua na chooni. Familia moja ni lita 360, nne ni 1,440. Simtank la lita 5,000 linaisha kabla ya siku ya nne kumalizika. Jengo lenye familia nne na tenki la lita 2,000 halitakufikisha hata siku moja na nusu, halafu mtaanza kuchanga hela ya boza na kununiana.

Nyumba nyingi zina kisima. Onja maji yake. Sehemu nyingi za jiji visima vina chumvi: sabuni haitoi povu, bomba za bafuni zinaota ukoko mweupe, hita inakufa mapema. Ya kuogea na kudekia yanavumilika, ila utanunua ya kunywa na kupikia mwaka mzima, na hiyo ni sehemu ya kodi hata kama haimo kwenye tangazo. Pampu ya kisima nayo inatumia umeme wa nani? Kama imeunganishwa kwenye mita yako, utapampia jengo zima.

Mita ya maji ya pamoja ni chanzo cha ugomvi. Kama haikwepeki, kubalianeni kugawana kwa idadi ya watu, si kwa idadi ya milango, na muone ankara yenyewe kila mwezi. Kabla ya kuingia, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe ankara ya mwisho kama haina deni.

LUKU ya pamoja ina ubaya gani?

Mbali na kelele za nani ameacha pasi inawaka, kuna suala la bei. TANESCO ina kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT na tozo unafika kama 356 kwa uniti. Familia mbili zikitumia mita moja ni rahisi kuvuka kundi la chini, hata kama kila moja peke yake ingebaki humo. Familia yenye friji, pasi na televisheni inayowashwa kutwa kwa kawaida itakuwa kwenye kundi la juu yenyewe, kwa hiyo kinachobaki cha kutafuta kwenye mita yako ya peke yako ni amani.

Kuhusu AC, piga hesabu kabla ya kuilipia kodi ya juu. Ile ya kawaida ya BTU 12,000 ikifanya kazi mfululizo hula karibu uniti moja kwa saa. Saa nane za usiku, siku thelathini, ni uniti 240, zaidi ya shilingi 85,000. Haitafika huko, kwa kuwa chumba kikishapoa mashine hupumzika, lakini hata nusu yake kwa vyumba viwili si hela ya kubeza. Nyumba yenye madirisha mapana pande mbili na upepo unaopita itakutunza vizuri zaidi, labda Februari tu ndipo utaitamani AC.

Siku ya kukabidhiwa funguo nunua umeme wa shilingi elfu tano mbele ya mwenye nyumba. Uniti zikija pungufu sana, mita ina deni.

Hilo deni linatoka wapi?

Mara nyingi ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Nyumba ikikaa tupu miezi mitano bila mtu kununua umeme, malimbikizo yanamsubiri atakayekuja. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Kubaliana naye kwamba inapunguzwa kwenye kodi ya pango, na hilo liandikwe. Wengi watakwambia "hiyo ni elfu moja na mia tano tu, mama". Kwenye ghorofa ni 90,000 kwa mwaka.

Nyumba niliyoipenda iko bondeni kidogo. Nihofu?

Ndiyo. Itazame wakati wa masika, Machi hadi Mei, au angalau siku mvua ya vuli imenyesha. Kama huwezi kusubiri, soma kuta: alama ya maji kwenye ukuta wa fensi, rangi iliyopakwa upya kwa chini tu, soketi zilizopandishwa juu isivyo kawaida, tofali mbili tatu zilizojengwa kwenye kizingiti cha mlango. Zilizo jirani na Mto Ng'ombe na mifereji yake zikague mara mbili, hata baada ya mto huo kujengewa kingo. Shimo la choo ni jambo lingine: mvua kubwa hulijaza, na yanayorudi yanarudia chooni kwako ukiwa ghorofa ya chini. Uliza lilinyonywa lini na gari la kunyonya analipia nani.

Kelele za baa?

Sinza ni Sinza. Baa, nyama choma, muziki wa Ijumaa mpaka Jumapili. Nenda ukaikague nyumba Ijumaa saa nne usiku, simama chumba cha watoto, funga madirisha, usikilize. Dalali atakupeleka Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambapo hata baa iliyo ukuta kwa ukuta inafagiliwa kimya kimya. Malalamiko ya kelele yanapokelewa na serikali ya mtaa, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, ndiyo yenye meno ya kutoza faini. Lakini kuhamia jirani na baa kwa matumaini ya kuifungisha ni kujitafutia ugomvi usioisha. Misikiti, makanisa ya mikesha na mashine za kusaga nazo zina saa zake, usikilize ukijua.

Ghorofa ya ngapi inafaa kwa watoto wadogo?

Ya kwanza, kama ipo. Ya chini ina vumbi, mbu na wapita njia wanaochungulia. Ya tatu ina ngazi ambazo mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi atazichukia ndani ya wiki, na umeme ukikatika pampu haipandishi maji. Popote utakapokaa, kagua reli ya baraza: nafasi kati ya nondo isipitishe kichwa cha mtoto, na reli yenyewe isitikisike. Grili za madirisha zinazuia wezi, lakini dirisha moja angalau liwe na grili inayofunguka kwa ndani, moto ukitokea mpate pa kutokea. Mtungi wa gesi unakaa wapi? Kama ni pembeni ya mlango wa kutokea, tafuta pengine pa kuuweka.

Mwenye nyumba anauliza nina watoto wangapi. Niseme kweli?

Sema kweli, na sema na wageni. Wapo wanaokataa watoto wengi kwa kuogopa kuta kuchorwa, na ni heri akukatae sasa kuliko akununie miezi sita. Kama anaishi ndani ya fensi hiyo hiyo, uliza sheria zake zote: geti linafungwa saa ngapi, mnafua siku zipi, gari la mgeni linaingia, watoto wanaruhusiwa kucheza mpira uani? Mama mwenye nyumba anayeishi hapo hapo anaweza kuwa baraka, maana bomba likipasuka atajua kabla yako. Anaweza pia kuwa mtu anayehesabu vitunguu kwenye kapu lako. Dakika ishirini za mazungumzo zitakuonyesha ni yupi.

Mkataba uwe na nini?

Majina kamili na namba za NIDA za pande zote mbili, kodi, kipindi kilicholipiwa, tarehe ya kuanza na kuisha, dhamana, nani analipa maji, taka, ulinzi na kunyonya choo, muda wa notisi, na orodha ya vitu vilivyomo: AC ngapi, hita, kabati, funguo ngapi. Piga picha kila chumba siku unayoingia, pamoja na mita ya maji na ya umeme, zitume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Picha hizo ndizo zitakazotetea dhamana yako wakati wa kuhama.

Mkataba wa duka la fotokopi, wenye nafasi za kujaza, unatosha kama umejazwa kikamilifu na umeshuhudiwa. Mjumbe au mtendaji wa mtaa akigonga muhuri ni vizuri. Ukiwa na wakili ni bora zaidi, na kisheria mkataba unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kubalianeni nani analipa. Mwajiri akikupangishia nyumba kwa jina la kampuni, yapo mambo ya kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Hayo mwachie mhasibu wao, ila mwenye nyumba aambiwe mapema asije akadhani mnamkata hela.

Paa linavuja. Ni kazi ya nani?

Ya mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema, ukipangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu ya mpangishaji kuzitunza, isipokuwa mkataba useme vingine. Soma hapo mwisho tena, kwa kuwa ipo mikataba inayosema vingine. Mpangaji anatunza ndani: taa, vitasa, bomba zilizovunjika mikononi mwake. Matatizo hutokea kwenye vitu vya katikati, kama hita au pampu. Viandike.

Ukitengeneza kwa hela yako ili ukatwe kwenye kodi ijayo, pata kwanza ruhusa ya maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Tunza risiti ya fundi.

Anaweza kunipandishia kodi au kunitoa kabla miezi haijaisha?

Kipindi ulicholipia ni chako kwa kodi mliyoandikiana. Inapofika mwisho anaweza kupandisha, na hapo ndipo notisi inapofanya kazi: andikeni kwamba nyongeza au kuondoka kutajwe miezi miwili kabla, au mitatu kama una watoto shuleni. Akikufungia geti au kukutolea vyombo, usishikane mashati. Anza serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu, na mkishindwana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Angalia mipaka: Sinza iko Manispaa ya Ubungo, Kijitonyama iko Kinondoni, ingawa unaweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine kwa kwenda kununua mkate.

Nyumba za NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) au TBA (Wakala wa Majengo) je?

Zina faida kubwa moja: mwenye nyumba ni taasisi, hana kaka wa Mwanza. NHC hulipwa kwa mwezi, kitu ambacho kwa mtu binafsi ni nadra. Za TBA huwalenga zaidi watumishi wa umma. Shida ni kupata nafasi. Omba kwa ofisi yenyewe, na mtu akikuuzia "nafasi ya NHC" pembeni kwa kilemba, ujue jina kwenye mkataba litabaki lake.

Nimepokea ujumbe: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii." Nifanyeje?

Ufute. Kama una wasiwasi, mpigie mwenye nyumba kwa namba iliyo kwenye mkataba. Akibadilisha namba kweli, aje aseme kwa mdomo.

Wakati gani ni mzuri wa kutafuta, na wa kuhama?

Desemba na Januari kila mzazi anatafuta kwa ajili ya shule, bei hazishuki. Oktoba na Novemba wanafunzi wa Chuo Kikuu wanarudi na kujaza vyumba vya Mwenge na Sinza. Hilo linagusa zaidi chumba kimoja kimoja, lakini madalali hawana muda na wewe. Juni na Julai, mvua zimekatika na shule zina likizo ya katikati ya mwaka, ni kipindi kizuri: unaona nyumba ilivyotoka masika, na watoto hawakosi masomo. Kabla ya kulipa, pitia shule unayoitaka umuulize mwalimu mkuu kama ana nafasi ya uhamisho. Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini kiti darasani ni jambo jingine, na shule za huku zimejaa.

Kuhama, kirikuu kinatosha kwa chumba na sebule. Kwa vyumba vitatu chukua Canter, au ukubali kirikuu kiende mara tatu. Elewana bei na dereva ikiwa pamoja na wapagazi, na umtajie ghorofa mapema. Makochi ya kisasa hayapiti kwenye ngazi nyembamba za nyumba za Sinza. Pima ngazi kwa futi kamba ile ile. Hama asubuhi, siku ya katikati ya wiki, na barua ya utambulisho kutoka mtaa unaotoka iwe kwenye mkoba wako, siyo ndani ya boksi.